Chungu Kisichochomwa

Watu wakiniuliza sisi ni nani, najibu: wafinyanzi. Lile jina jingine la kwetu, la kabila, siku hizi halitamkwi hadharani, nami sina hamu ya kugombana na mtu. Kazi ndiyo imekuwa jina letu. Sasa niambie, mfinyanzi bila udongo anaitwa nani?

Bonde tulilochimba udongo, huku Nyakabuye, lililimwa mpunga. Tukabaki na bonge moja, ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Maman, mama yangu, alilifunga kwa majani ya migomba na kitambaa kibichi, akalinyunyizia maji kila asubuhi. Kwa bonge hilo tuliendesha ushirika mzima. Wageni walitoka kuoga kwenye chemchemi ya maji moto, mimi nikawapokea kwa Kifaransa changu cha kuungaunga, Maman akafinyanga mbele yao. Walipiga makofi, wakapiga picha, wakanunua vyungu vilivyopangwa mezani, ambavyo, nisikudanganye, tulivileta kutoka sokoni Kamembe. Wakishaondoka, Maman alikibonyeza chungu chake kibichi, akakimwagia maji, kikarudi kuwa bonge. Kesho tena hivyo hivyo.

Mwaka jana alianza kukohoa. Siku moja wageni walikwenda, naye hakukibonyeza chungu. Alikaa akikitazama. Kiswahili alikiokota sokoni enzi zake za kuuza, na alipotaka jambo zito lionekane dogo, alinisemesha kwa lugha hiyo.

"Hiki tukichome," alisema. "Kibakie mu nyumba. Batoto bako baone mikono yangu."

"Maman, Jumamosi tuna wageni," nikamjibu. "Utawafinyangia nini, uji?"

Akacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi. Alingoja kidogo, labda nitabadili neno. Sikubadili. Nilipoona mikono yake imechoka, nilikibonyeza mimi mwenyewe, tena nikajiona binti mwema.

Jumamosi hakuinuka kitandani. Wiki iliyofuata tulimzika.

Vyungu alivyouza maisha yake yote viko kwenye mafiga ya watu wasiojua hata aliyevifinyanga. Kwangu hakuna hata kigae. Wanangu wananiuliza bibi alikuwa anatengeneza nini, nawaonyesha picha ambayo mgeni mmoja alinitumia kwenye simu, na ndani yake mikono imekatwa na ukingo wa picha.

Bonge lipo. Nalinyunyizia kila asubuhi. Wenzangu wa ushirika wananisukuma nifinyange, na kweli kazi naijua, alinifundisha mwenyewe. Lakini alama za vidole vyake nilizikunja humo ndani kwa mikono yangu hii, na nikilikanda nitazimaliza. Naumia, na wa kumlaumu simwoni isipokuwa mimi.

Juzi walikuja wageni. Nikawaambia mfinyanzi hayupo. Mmoja wao, mama mtu mzima, akaniuliza kwa upole: na wewe je, wewe ni nani?

Nilimwonyesha vyungu vya mezani, vile vya Kamembe.