Noti Kumi na Tano za Droo ya Chini

Kwa miaka ishirini na minane Anaclet aliuza unga na mafuta kwa jumla mjini Lubumbashi, na katika muda huo wote aliapa kwamba hakuna dola iliyoingia mfukoni mwake kabla ya kupita mbele ya jicho lake la kushoto. La kulia alilifumba. Aliinua noti kuelekea dirishani, akaipapasa pembe zote nne, na akiona mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto, au tundu la pini, aliirudisha kwa mwenyewe kwa vidole viwili. Msimwone mkali bure. Mji wetu wote uko hivyo. Dola inachapishwa Amerika, lakini mtihani inafanyia kwetu, na ikifeli hainunui hata kilo ya chumvi.

Hata hivyo, noti kumi na tano za dola ishirini zilikuwa zimemponyoka. Nyingine ziliingia siku za homa, nyingine siku za haraka, na tatu ziliingia siku moja tu, mteja kutoka Kasomeno alipomsimulia kwa machozi ajali ya lori huku akimhesabia fedha. Jumla dola mia tatu. Hakuna aliyezitaka, si muuza saruji, si wabadili fedha wa barabarani. Anaclet alizifungia kwenye droo ya chini, na kila Jumamosi alizitoa, akazitazama, akazirudisha. Zilimuuma kama jino. Watu wengine huomba Mungu awape mali. Yeye aliomba njia ya kuzitoa noti hizo kumi na tano bila hasara, na aliomba kwa moyo kweli.

Jibu lilikuja kutoka Marseille. Graciella, binti yake aliyeolewa huko, alipiga simu kusema amewalipia wazazi wake siku saba ndani ya meli ya matembezi, kwa ajili ya miaka thelathini ya ndoa yao. Émerance, mke wake, alilia kwa furaha. Anaclet alichukua simu na kuuliza swali moja tu.

"Huko banakataaka dola ya kupasuka?"

"Papa, huku hakuna muntu anaangaliaka," Graciella alijibu.

Tangu dakika hiyo safari ikampendeza sana. Wazo la kulipia vitu vya meli kwa noti zile alilikataa mwenyewe: kwenye dirisha la malipo huenda kuna mashine, na mzee wa kanisa kama yeye hawezi kuaibishwa na mashine. Bakshishi ni jambo jingine. Zawadi haikaguliwi. Mtu anaipokea, anashukuru, anaiweka mfukoni, na mtoaji anaitwa mkarimu. Alizipiga pasi noti zote kumi na tano, akaziweka kwenye soksi, mbali na dola nzuri zilizokaa mfuko wa ndani wa koti.

Melini walikuta kwamba fedha haionekani. Ukipanda unaweka amana, unapewa kadi, na kadi hiyo ndiyo inayofungua mlango, inayonunua soda, inayonunua kila kitu. Anaclet aliiogopa kadi ile tangu mwanzo. Mtu anayehesabu noti anasikia uchungu na kujizuia, lakini kadi inalipa huku inacheka. Soda moja ilikuwa dola nne, na chini yake wakaongeza zaidi ya nusu dola ya huduma. Kwa fedha hiyo, kwenye depo za kwetu, maduka ya jumla, mtu anatoka na kreti nzima. Alikunywa maji ya bomba siku saba na kusema ni amri ya daktari.

Lakini chumbani kulikuwa na kitu alichokipenda: bahasha ndogo ndogo nyeupe, za kuwekea bakshishi ya anayetandika kitanda. Na aliyetandika kitanda alipoingia asubuhi ya kwanza na kusikia wanavyosemezana, alisimama na mashuka mikononi.

"Papa, mama, munatoka Lubumbashi? Mi niko mutoto ya Kipushi, pale karibu."

Aliitwa Emery, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyeipata kazi hiyo kupitia Afrika Kusini, na hajafika nyumbani miaka minne. Émerance alimkumbatia kama ndugu aliyepotea. Mtu mwingine angeona aibu kumpa mwana wa nyumbani noti mbovu. Anaclet aliona bahati. Kila asubuhi alitia noti mbili ndani ya bahasha, akalamba gundi, akafunga kwa nguvu, na Émerance, ambaye mwandiko wake ni mzuri, akaandika juu: Merci. Dola arobaini kwa siku. Emery alizipokea kwa mikono miwili akiinama.

Ilibaki moja. Hiyo Anaclet alimpelekea mpiga fidla wa chumba cha chakula, kwa desturi yetu: alisogea akicheza polepole hadi mbele ya wapiga muziki, akambandika noti kwenye paji la uso. Kwetu noti inashika kwa sababu mwanamuziki anatoka jasho. Mle melini kulikuwa na baridi ya mashine, mtu yule alikuwa mkavu kama unga, na noti ikaanguka mara tatu mbele ya wazungu waliokuwa wakipiga picha. Mwishowe aliichomeka kwenye kola ya shati la mpiga fidla na kurudi mezani akipigiwa makofi.

"Papa Graciella," Émerance alisema, akimshika mkono juu ya meza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu azaliwe mtoto wa pili, "sikujuaka kama uko na roho hii."

Anaclet alifurahi. Alianza hata kuamini. Kufikia siku ya saba, mtu angemuuliza, angeapa kwamba amempa Emery dola arobaini kila siku kwa upendo.

Usiku ulikuwa haujaingia bado siku hiyo ya saba, Emery alipogonga mlango. Alikuwa na bahasha zote saba, amezifunga kwa mpira.

"Papa, minaomba munipelekee mama yangu, Mama Chisanga, kule Kipushi. Nyumba yake inavuja, na mvua iko karibu. Byote mulinipatia njo hii. Sikufungua."

Anaclet alizihesabu bahasha kwa macho. "Weye hauna feza ingine ya kumutumia?"

"Iko, papa. Lakini ya bazungu inakuwaka ya kupasuka, ya kubandika na skoch. Banaweza kumukatalia nayo. Ya mweye, najua. Papa ya Lubumbashi hawezi kutembea na dola mubaya."

Émerance alizipokea kwa machozi, akazitia ndani ya mkoba wake na kuvuta zipu.

Asubuhi, chini ya mlango, walikuta karatasi ya hesabu. Dola kumi na sita kwa siku, kwa kila mtu, za huduma: yaani bakshishi. Ilikuwa imekatwa kila siku na kadi, huku yeye akilamba bahasha. Dola mia mbili ishirini na nne. Anaclet alishuka kwenye dirisha la malipo akiwa na hasira ya haki. Binti wa dirishani akamwambia kwa upole kwamba inaweza kuondolewa, ila aseme ni nani hakumhudumia vizuri. Aliyewahudumia ni Emery, na Émerance alisimama kando yake. Anaclet akalipa iliyopungua kwenye amana. Na binti yule alizipokea dola zake nzuri bila kuzitazama, akazitupa kwenye droo, ambamo zililala na nyingine zilizochanika, zilizoandikwa simu za watu, zilizobandikwa utepe wa skoch.

Aliona wazi la kufanya. Kwenye dirisha hilo wangembadilishia noti zote kumi na nne bila neno. Ilitosha kusema, Mama Graciella, lete zile bahasha, nikueleze. Alifungua mdomo. Émerance alimtazama kwa macho yale mapya ya wiki ile, naye akaufunga mdomo na kuuliza basi la kwenda mjini linatoka saa ngapi.

Jumapili baada ya kurudi, walikwenda Kipushi. Mama Chisanga alikuwa na nyumba ya chumba kimoja na bati lenye matundu mengi, hata jua lilidondoka sakafuni vidoadoa. Muuza mabati alikwishapewa neno; alikuwa anangoja fedha tu. Mama alifungua bahasha ya kwanza, akafumba jicho la kulia, akainua noti.

Akaiweka chini. Akafungua ya pili, na ya tatu, mpaka zote kumi na nne zikalala kwenye mkeka.

"Bazungu balimudanganya mutoto yangu," alisema polepole. "Miaka ine anatumika, banamulipa na hii."

Anaclet angeweza kunyamaza tena. Wazungu hawakuwapo kujitetea. Lakini Émerance alikuwa ameokota bahasha moja na anausoma mwandiko wake mwenyewe. Kisha akainua uso. Macho ya wiki ile hayakuwamo tena.

"Hapana, mama," Anaclet alisema. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, wala hakujua aiweke wapi. "Si bazungu. Ni miye. Nilijua."

Akazikusanya zile mbovu, akatoa pochi na kuhesabu noti kumi na nne nzuri za ishirini. Mama Chisanga hakumtukana wala hakumshukuru. Alizichukua moja moja na kuziinua kwenye mwanga wa tundu la bati. Ya tisa aliirudisha kwa vidole viwili.

"Hii iko na tundu ya pini, baba. Munibadilishie."

Anaclet aliitazama kwa jicho la kushoto. Kweli, tundu lilikuwapo. Akambadilishia.

Walipoingia mjini tu ndipo Émerance aliposema, "Ile Merci niliandika mara saba."

Deponi, Anaclet alifungua droo ya chini na kuhesabu: kumi na nne za Emery, na moja ya tundu la pini. Kumi na tano. Alipofunga, Émerance alikuwa amesimama mlangoni, amenyoosha mkono, naye akampa ufunguo wa droo.