Nilimwaga Majivu ya Rafiki Yangu Kwenye Bwawa la Hoteli

Kosa ni langu, na sitafuti mtu wa kugawana naye. Nina miaka themanini kasoro mmoja, nywele zote nyeupe, na nilidanganya kama mtoto wa shule aliyepoteza daftari. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu watoto wa watu niliowakosea hawakisomi. Wamezaliwa hapa London, wanakielewa kidogo, na ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza. Hata kuungama nako nimechagua mlango wa nyuma, mnaona wenyewe nilivyo.

Mimi ni Mhindi wa Kisumu. Tulikuja huku mwishoni mwa miaka ya sitini, tukikimbilia ndege na pasipoti zetu za Uingereza kabla serikali ya huku haijatufungia mlango. Tangu siku hiyo sijarudi Kenya hata mara moja. Duka la baba liliuzwa, na sikutaka kusimama barabarani nikisoma jina la mtu mwingine juu ya mlango wetu. Lakini hapa Kenton, mtaa wetu wa London, kila mtu aliamini kwamba nakwenda na kurudi, maana nilizungumza habari za Kisumu kama mtu aliyetoka huko juzi. Sikuwasahihisha.

Sasa sikilizeni. Mwanangu alitukatia vyumba kwa siku tatu katika hoteli moja iliyo ndani ya bustani ya michezo, mwendo wa saa moja na nusu kutoka London. Hoteli yenyewe imejengwa ifanane na Afrika. Makuti juu ya paa, chandarua juu ya kitanda katika nchi isiyo na mbu, ngoma zinalia mpaka ndani ya lifti. Wajukuu walifurahi sana. Mimi niliona haya. Mtu aliyezaliwa Kisumu, anapelekwa kutalii Afrika ya plastiki!

Jumatano, kwenye chakula cha wazee katika ukumbi wa hekalu, niliomba kuondolewa zamu ya kupakua wali wiki itakayofuata. Jayantibhai, aliyekuwa ametoka Mombasa na picha zisizohesabika kwenye simu yake, akaniuliza mbele ya watu wote, "Kwani unakwenda wapi?"

"Kenya," nikasema. Neno lilitoka lenyewe.

Mnaojua desturi yetu mmeshaelewa kilichofuata. Ukisema unakwenda Kenya umejigeuza posta. Kufika Ijumaa sebule yangu ilikuwa imejaa: dawa za presha za kaka wa mtu kule Nakuru, miwani ya shangazi wa mtu kule Thika, chokoleti, sari mbili, na barua zilizofunguliwa ili nione hazina kitu kibaya. Hivyo vyote havikunihangaisha. Nilivipeleka posta ya kweli, kimyakimya, katika mtaa wa mbali ambako hawanijui.

Jumamosi akaja Kusumben.

Kusumben alikuwa mjane wa Ratibhai, na Ratibhai alikuwa rafiki yangu tangu tunavaa kaptura. Baridi yetu ya kwanza hapa yeye alikuwa na makoti mawili, akanipa lile zito. Alifariki mwaka ule, na aliacha wosia kwamba majivu yake yarudishwe Ziwa Viktoria. Wanawe kazi ziliwabana. Daktari alimkataza mkewe kupanda ndege kwa sababu ya moyo. Kwa miezi sita yale majivu yalikaa ndani ya kijungu cha shaba, yakisubiri mtu anayekwenda.

"Bhai, kaka yangu, Mungu amekuleta," akasema, akakiweka kijungu mezani kwangu, kimefungwa kitambaa chekundu. "Mimi nimeweka nadhiri. Mpaka huyu aingie majini, sionji wali wala mkate."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mama anayenizidi miaka miwili, mwenye sukari na moyo mbovu, anafunga kwa ajili ya safari isiyokuwepo. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni, "Usijali, ben," yaani dada.

Mtu humtumi kwa posta. Nilimweka Ratibhai ndani ya mkoba, katikati ya soksi, tukaenda Afrika kwa gari la mwanangu.

Mapokezini alisimama binti aliyevalishwa kaki, akimwambia kila mgeni "Jambo" kama alivyofundishwa. Nilimjibu kwa Kiswahili, nikamuuliza kwao wapi.

"Kisumu, mzee. Kondele kabisa," akasema, uso ukamchangamka. "Naitwa Akinyi. Wewe umekijulia wapi Kiswahili?"

Nikaukumbatia mkoba na kusema tutaongea baadaye.

Jioni ile Kusumben akapiga simu. "Umefika, bhai?"

"Nimefika."

"Joto?"

Nilikuwa ukumbini, chini ya mgomba wa plastiki, karibu na bomba la kupasha nyumba moto. "Joto sana."

"Nasikia ngoma. Kweli uko nyumbani." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Umeshampeleka?"

"Kesho asubuhi."

"Basi nitavumilia. Leo nimekunywa maziwa tu."

Mtauliza kwa nini sikumdanganya mara moja zaidi, nikasema tayari, kisha nikarudi na kijungu changu nikatafuta njia nyingine. Nami nimejiuliza hivyo hivyo. Nadhani nilikuwa nimechoka na uongo mtupu, nikataka angalau nusu yake iwe kweli. Kama ataambiwa mumewe ameingia majini, basi na aingie majini.

Asubuhi, wajukuu wakiwa kwenye chai, niliteremka nyuma ya hoteli. Kulikuwa na bwawa, na ndani yake kiboko wa plastiki anayepuliza maji puani kila baada ya dakika chache. Nilipiga magoti, nikafungua kitambaa, nikamwomba Ratibhai radhi, nikammwaga. Kiboko akapuliza. Nililia, na nililia kwa kweli, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na hakustahili kiboko yule.

Nikampigia Kusumben, nikamwambia tayari. Nilimsikia akimwita binti yake alete wali.

Nilipogeuka, Akinyi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mzee, kuna nini?"

Nikamweleza yote, mpaka la koti. Hakucheka. Aliinama akayatazama yale maji.

"Sasa mzee, si ungeniambia tu jana," akasema polepole. "Mimi Jumapili nakwenda likizo. Kisumu. Ningembeba."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Majivu je, ndani ya maji? Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa jani na karatasi ya peremende.

Hoteli ilikuwa siku tatu, na Kenya nilikuwa nimeaga wiki mbili, maana hakuna aendaye Kenya kwa siku tatu. Siku zilizobaki nilijificha kwa mwanangu Thornton Heath, upande wa pili wa London, sikutoka hata kununua maziwa. Mjukuu wangu mdogo aliuliza kama polisi wananitafuta.

Niliporudi Kenton, Kusumben alikuja na sufuria ya mchuzi wa dengu, akainama anishike miguu kwa heshima. Niliruka nyuma kama aliyeona moto.

"Ulimweka wapi hasa?" akauliza.

"Karibu na ukingo. Maji yalikuwa yametulia."

"Viboko walikuwepo? Alikuwa akiwapenda."

"Alikuwepo mmoja," nikasema, na hilo halikuwa uongo.

Akafuta macho. "Nilikuwa naogopa wanangu watammwaga hapa hapa Uingereza, baridini. Huyu mtu hakupata joto hata siku moja tangu tushuke kwenye ndege." Kisha akanishika mkono. "Na mimi, bhai, siku yangu ikifika, niweke pale pale. Karibu naye. Usimpe mwingine kazi hiyo."

Nikaahidi. Mimi na ahadi, mnatujua sasa. Nilijiambia nitamwambia sikukuu ya Diwali ikipita, kisha baridi ikipita, kisha akipata nafuu. Hakupata nafuu. Alifariki mwezi uliopita, na watoto wake wameniletea kijungu kingine, chenye kitambaa chekundu vilevile, pamoja na tiketi ya ndege yenye jina langu. Walinishukuru wakilia. Kiko mezani hapa ninapoandika.

Alitaka vitu viwili tu, ziwa na mumewe, na ni mimi niliyehakikisha hawezi kupata vyote.

Wewe unayesoma, ukiulizwa unakwenda wapi, sema unakokwenda. Kama ni hoteli ya watoto yenye wanyama wa plastiki, sema hivyo hivyo wakucheke. Kicheko cha Jumatano kinaisha Alhamisi. Mimi ndege yangu ni keshokutwa, gari la mwanangu liko nje, na mpaka sasa sijui nimpeleke Kusumben Kisumu akakae peke yake, au nimpeleke kwa mumewe.