Ndoano Kumi na Mbili za Raheli

Kila asubuhi Raheli alianza na ndoano. Zilikuwa kumi na mbili, za kufungia fulana, kutoka chini ya mbavu mpaka karibu na shingo, na hakuna hata moja iliyoingia kwa hiari yake. Fulana ile ya kubana alipewa Moshi, kwenye hospitali kubwa, baada ya kukatwa titi la kushoto. Ilikuwa na mkono mmoja tu, wa kushoto, uliofika mpaka kiganjani. Nesi alimwambia aivae mchana na usiku mpaka atakapoambiwa basi, na mkono ule asiulimie wala kuubebea mzigo. Alipofunga ndoano ya mwisho alikuwa hoi kama mtu aliyepalilia robo eka, na jua la Gonja lilikuwa bado halijavuka mlima.

Uchovu huo ndio uliomshinda. Maumivu alishayazoea. Lakini yeye, mjane aliyekuwa akishusha vikapu vya tangawizi mpaka barabarani, sasa alishinda kitini, mkono juu ya mito miwili, akiubonyeza kwa kidole. Ngozi ikibaki na shimo, uvimbe wa maji umerudi. Ikirudi juu, afadhali. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya siku nzima, na ilimchosha kuliko jembe.

Aliyemuuguza ni wifi yake Ernesta, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi ng'ambo ya mfereji. Ernesta ni mtu mwema, ila wema wake huja na amri. Ametunza wazazi wengi waliotoka kujifungua kijijini, na kwake mwanamke aliyelala ndani huku amefungwa nguo ya kubana, kama mkaja wa tumboni baada ya kuzaa, ni mzazi tu, hata kama mtoto hayupo. Akamnywesha uji na supu, akamkataza maji baridi, na kila jioni akatia punje moja ya haragwe kwenye kopo. Raheli alisikia punje zikidondoka, akajua zinaelekea siku ya arobaini. Angeweza kumweleza. Lakini kueleza nako ni kazi, naye hakuwa na nguvu ya kazi.

Tena hizo punje zilimlindia maji. Shamba lake la tangawizi hunywa kila Alhamisi kutoka kwenye ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu, na zamu hiyo hulipiwa kwa jasho. Ukiitwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kuzoa tope, kila nyumba hutoa mtu wake, na mtu mmoja hachimbii nyumba mbili. Watoto wa Raheli wako Dar es Salaam. Nyumba isiyotoa mtu hupoteza zamu mpaka msimu mwingine, na tangawizi haingoji msimu mwingine. Anayesamehewa ni mzazi, kwa siku arobaini. Ernesta alikwenda kwa mzee Eliezeri, msimamizi wa maji, akamwombea Raheli msamaha huohuo, akapewa.

Msaragambo ukaangukia siku ya arobaini na moja.

Asubuhi hiyo Ernesta alinawa mikono, akaanza kufungua ndoano. "Mkaja umemaliza kazi yake, wifi. Leo unatoka."

"Nesi hakusema arobaini," Raheli alisema.

"Huyo nesi amezaa mara ngapi?"

Raheli akamgeuzia ndoano zilizobaki. Ndoano ya mwisho ilipoachia, pumzi ilimwingia mpaka chini, na kusema kweli, ilikuwa tamu. Akaona aibu kwa jinsi ilivyokuwa tamu. Kisha akachukua jembe.

"Shikamoo mzee," alimwamkia Eliezeri kwenye ukingo wa ndiva.

"Marahaba mama. Umetoka salama, Mungu ni mwema."

Watu walipanga mstari wakapokezana makarai ya tope, na karai halipokelewi kwa mkono mmoja. Raheli alipokea kwa miwili. Saa sita mchana mkono wa kushoto ulikuwa mzito, na pete yake ya ndoa ilikuwa imegoma kuzunguka. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu, hospitalini Gonja, ilibidi wamkate pete, maana kidole kilikuwa kimevimba mpaka sabuni imeshindwa. Alikuwa ameivaa miaka thelathini na moja. Alilia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko kwa uchungu.

"Fulana nani alikuvua?" nesi wa pale aliuliza.

Ernesta alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, mkoba magotini.

"Nilivua mwenyewe," Raheli alisema.

Njia nzima ya kurudi Ernesta alitembea nyuma yake, na kwa Ernesta hilo ni jambo la kuandikwa.

Alhamisi maji yakaja. Raheli alisimama shambani akiyashika maji kwa macho tu, kwani jembe lilimshinda kuinua. Yaliingia tuta la kwanza, yakakosa wa kuyageuza, yakaanza kuteremka bure kuelekea kwa jirani. Zamu alikuwa ameipata, na sasa alikuwa akiitazama ikipita. Hapo Ernesta akavuka mfereji na jembe lake, akakunja kanga, akayageuza maji tuta kwa tuta mpaka shamba zima likanywa.

Kesho yake alikuja mapema. Alifunga ndoano zote kumi na mbili yeye mwenyewe, taratibu, akiuliza kila moja kama inaumiza.

"Nimekwenda kwa mzee Eliezeri," alisema. "Nimemwambia kosa ni langu. Amesema zamu yako ipo, na tope halikuhusu mpaka upone."

"Asante, wifi."

"Sasa ni siku ngapi?"

"Hawakutaja siku."

Ernesta akauinua mkono ule, akauweka juu ya mito miwili. Kisha akalichukua lile kopo dirishani, akaziosha zile punje, akazimimina zote kwenye sufuria ya makande.