Ngoma ya Mutu wa Treni

Nilikuwa mutu muzima mwenye ndevu, lakini bado ninavaa kaputula ya shule, wakati wanaume wawili waliponikubali niimbe katika orkestra yao. Mupiga gitaa alikuwa karani wa bandari. Mupiga ngoma alikuwa anatia makaa katika injini ya treni, na ngoma yake ilifuata kazi hiyo: ilianza polepole, ikakimbia, halafu ikapunguza mwendo kama inaingia stesheni.

Kwenye arusi ya kwanza tuliyopigia, wachezaji walikanyagana kwa mwendo huo. Karani akaninong'oneza, “Watu wakituzomea, narudi nyumbani na gitaa yangu. Leo njo mwisho wa orkestra.”

Niliogopa. Nani mwingine angenivumilia na kaputula yangu? Nikapiga kelele: “Abiria, shikaneni mabega! Tunaenda stesheni ya Nyunzu!”

Wakajipanga, bibi arusi mbele. Ngoma ilipokimbia, nao wakakimbia. Ilipopunguza, nikaita: “Nyunzu! Mama mukwe, shuka, tiketi yako imeishia hapa!”

Mama mukwe mwenyewe alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, akadai safari ya kurudi.

“Weye mutoto wa shule,” karani akasema, “una akili ya mwizi.” Akakaza nyuzi, tukaondoka tena.

Ninawashukuru wote wawili, hasa yule wa makaa. Mpaka leo hajajifunza kupiga sawasawa, na watu wanatuita kila arusi.