Baba Mkubwa Alijaribu Jeneza, Shangazi Akaliwahi

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, baba yangu mkubwa aliingia kwenye jeneza akiwa mzima wa afya, akalala chali, akaamuru kwaya ianze.

Jeneza nililitengeneza mimi.

Mimi ni fundi seremala. Natengeneza vitanda, makabati na milango, na watu wakifa natengeneza majeneza.

Mwaka ule majeneza yalizidi vitanda.

Kulikuwa na homa iliyopita ikaondoka na watu bila kuchagua. Hata kiwanda cha mjini kwetu kilifungwa. Mtu unasalimiana naye asubuhi, jioni ndugu zake wako karakana wanakutajia urefu wake.

Basi watu wakaanza kumkumbuka Mungu kwa fujo. Walioonekana kanisani siku za harusi tu, sasa wanabeba Biblia kubwa kama tofali na kuwauliza wenzao, "Je, uko tayari?" Ukitazama macho yao unaona uoga mtupu umevaa tai.

Baba Mkubwa hakuhitaji kuokoka. Aliokoka kitambo, na alihakikisha mtaa mzima unajua.

Mwalimu mkuu mstaafu. Mzee wa kanisa. Kiti chake cha mbele, ole wako ukikikalia. Akisali, anasali kama anayesoma ripoti ya mwaka: Bwana, nimefanya hiki, nimesimamia kile, naomba upige muhuri.

Wenzake watatu aliostaafu nao walipokufa ndani ya miezi miwili, alikuja karakana kwangu.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Nipime."

"Kitanda?"

"Jeneza. Mtu mwenye akili hasubiri kushtukizwa. Mimi nimejiandaa."

Nikampima. Alisimama wima, mikono ubavuni, amefumba macho. Nilikuwa nauma ulimi nisicheke.

Alichagua mbao mwenyewe, akachagua vishikio. Kitambaa cha ndani alikikataa mara mbili, eti cha kwanza kinang'aa kama gauni la bibi harusi, cha pili kinawasha. Nikajisemea moyoni, mzee, ukifika kule utakuwa unajikuna kweli?

Nikiri mapema: nilimdharau yule mzee kwa moyo wangu wote. Jioni nilikuwa nawaigiza wenzangu pale karakana jinsi anavyofumba macho, wakicheka mpaka wanakaa chini.

Na sababu ya kumdharau nilikuwa nayo. Shangazi.

Shangazi ni dada yake wa tumbo moja. Baba yangu, mdogo wao, alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na bibi pamoja na Shangazi. Alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa sabuni, na hakuwahi kukaa kiti cha mbele popote.

Miaka kumi na minne kabla ya haya, bibi alikuwa mgonjwa, haruhusiwi kuachwa peke yake. Siku moja akaachwa. Akateleza bafuni, akalala pale sakafuni saa tatu nzima. Siku mbili baadaye akafariki.

Makaburini, mbele ya waombolezaji wote, Baba Mkubwa alimnyooshea Shangazi kidole.

"Huyu ndiye aliyemwacha mama yetu afe sakafuni."

Shangazi hakujibu. Alimtazama tu, kisha akainamisha kichwa.

Tangu siku hiyo Baba Mkubwa hakumsalimia tena. Kanisa moja, ibada moja, meza moja ya Bwana, lakini dada yake akipita anageukia ukutani kama anasoma matangazo.

Halafu huyo ndiye ananiambia amejiandaa.

Ijumaa, siku moja kabla ya hilo igizo lake, nilikuwa napiga vanishi ya mwisho. Shangazi akaingia karakana. Alikuwa anahema. Nikamwekea ubao akakaa.

"Ndiyo lenyewe?" akauliza, akilitazama jeneza.

"Ndiyo hilo. Mfalme wako anahamia kesho saa tisa. Kutakuwa na kwaya."

Nilidhani atacheka.

"Usimcheke kaka yangu," akasema. "Anaogopa. Mtu anayeogopa hashiki pa maana, anashika kilicho karibu."

"Ashike basi mkono wako. Uko karibu."

Akaitazama mikono yake. Halafu akasema, "Mwanangu, nimekuja kwako. Nina neno nawe. La zamani."

Nikachovya brashi.

"Shangazi, vanishi hii inakauka haraka, nikisimama itaacha mabaka. Njoo wiki ijayo tutaongea vizuri."

"Ni dogo tu."

"Wiki ijayo, Shangazi. Nakuahidi."

Alikaa pale kama dakika tano zaidi, ananitazama napaka. Kisha akainuka, akanigusa bega, akaondoka.

Jumamosi ikafika.

Mchungaji alikuwa amekataa katakata. Alimwambia Baba Mkubwa kwamba ibada kama hiyo haipo kwenye kitabu chochote. Mzee akajibu kuwa ataiongoza mwenyewe.

Na akaiongoza, akiwa ndani ya jeneza.

Tulijaa sebuleni kwake, watu kama arobaini, viti vya plastiki mpaka barazani. Mama Mkubwa, mkewe, alikaa pembeni ameshika leso, uso wote umekunjamana kwa aibu. Kila mgeni alipewa ratiba iliyochapwa. Wosia, sifa za marehemu, mapambio.

Katibu wa kanisa akasimama kusoma sifa.

"Marehemu, yaani mzee wetu, ametumika kama mzee wa kanisa kwa miaka thelathini..."

"Na miwili!" sauti ikatoka ndani ya jeneza. "Thelathini na miwili. Usinipunje."

Kuna mtu nyuma alitoka nje anakohoa, lakini sote tulijua hakohoi.

Mwalimu mmoja mstaafu akaitwa ashuhudie. Akakuna kichwa. Akasema marehemu alikuwa mtu wa kufika kwa wakati.

Akaanza kukaa.

"Endelea," jeneza likasema.

"Alikuwa... hachelewi kabisa."

Nilikuwa nimeegemea mlango nafurahia kila sekunde. Niliona fahari yake yote inavuja mbele yangu. Miaka sitini na minane duniani, na watu arobaini hawapati hata habari moja ya wema wake.

Ndipo simu ya Mama Mkubwa ikaita.

Akaipokea kwa kunong'ona. Akasikiliza. Leso ikamdondoka. Akatembea mpaka kwenye jeneza, akainama.

Baba Mkubwa hakufumbua macho. "Bado hatujafika kwenye mapambio," akasema.

"Dada yako amefariki."

"Nani?"

"Dada yako. Ameanguka kazini, pale kwenye mashine za kufulia. Wamemfikisha wodini hapo hapo, lakini wapi."

Akafumbua macho. Akataka kuinuka, akashindwa. Nililitengeneza jembamba mabegani, kama alivyotaka mwenyewe. Akawa anapapasa kingo kwa mikono miwili, anatweta, na hakuna aliyesogea. Ilibidi niende mimi nimvute makwapani kama ninavyotoa droo iliyokwama.

Alisimama katikati ya sebule na suti yake ya kuzikiwa. Watu wakamtazama.

"Alikuwa na jeneza?" akauliza.

Swali la kijinga. Nani anakuwa na jeneza?

"Mpeni hili," akasema.

Shangazi alikuwa mfupi. Wenzake wa kufua walikuja na mashuka meupe, waliyoyanyoosha kwa pasi wao wenyewe, wakajaza nafasi iliyobaki miguuni.

Jumapili mchana nilikuwa msibani, nimekaa na hasira zangu. Nilishapanga maneno ya kumwambia Baba Mkubwa. Nilitaka nimwambie mbele ya watu kwamba amemwua dada yake kwa kimya cha miaka kumi na minne. Nilitaka aone aibu aliyomvisha Shangazi kule makaburini.

Mwanamke mmoja akaja kukaa karibu yangu. Alikuwa anafanya kazi na Shangazi, wanamwita Mama Pasi.

"Wewe ndiye yule mtoto wa kaka yake, seremala?"

"Ndiye mimi."

"Pole, mwanangu. Aliniambia alikuja kwako Ijumaa. Mlimaliza?"

"Kumaliza nini?"

"Lile la bibi yako."

Nikageuka kuangalia kama kuna aliyesikia.

Sasa nikwambie kitu ambacho nimekiruka tangu mwanzo wa habari hii.

Siku ile bibi alipoanguka, Shangazi alikuwa zamu kazini. Aliyeachiwa bibi ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini. Shangazi aliniambia, "Usitoke mpaka nirudi." Nikatoka. Kulikuwa na mechi.

Baba Mkubwa aliponiuliza, nilimwambia Shangazi aliondoka bila kumwambia mtu, na mimi nilikuwa darasani. Yeye ndiye alikuwa ananisomesha chuo cha ufundi. Niliogopa atanitoa.

Uongo wa sentensi moja. Nikaondoka nao mpaka makaburini, nikasimama nyuma ya watu, nikamtazama Shangazi ananyooshewa kidole. Yeye alijua. Angefungua mdomo tu.

Na Ijumaa ile aliposema "la zamani", nilielewa. Vanishi haikuwa na haraka yoyote.

"Alikwambia alikuwa anataka nini?" nikamwuliza Mama Pasi.

"Daktari alishamwonya kuhusu moyo wake. Akaanza kuzungukia watu, mmoja mmoja. Wewe alisema alishakusamehe siku nyingi, ila anataka ulisikie hilo kwa mdomo wake. Alisema, yule kijana anacheka sana, amebeba kitu. Siku zenyewe hizi hazieleweki, asije akaitwa nacho."

Alitaka mimi niwe tayari kufa. Mimi! Niliyekuwa nawapimia wenzangu utayari kwa futi kamba.

"Na kwa nini hakusema siku ile?"

Mama Pasi akanishangaa. "Si ungefukuzwa chuo?"

Nilinyanyuka. Nikamkuta Baba Mkubwa uani peke yake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Sikumzungusha. Nilimwambia yote: mechi na uongo. Nikasimama nikisubiri anipige, anilaani, aite watu.

Hakuinua hata sauti.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Mimi nilikuwa na hamsini na minne," akasema. "Na sikumwuliza. Miaka yote hii, sikumwuliza hata mara moja."

Akaanza kulia. Kilio kibaya cha mzee, mdomo wazi, kamasi. Nikapiga magoti pale vumbini, na kwa mara ya kwanza sikuona cha kuigiza.

Tulimzika Shangazi Jumatatu. Ilipofika zamu ya kutaja wema wake, watu walijipanga mpaka mchungaji akaomba wengine waridhike kukaa. Kabla hawajakaa nikasimama, nikauelezea uongo wangu wote, kwa sababu aibu yake alivishwa mbele ya watu. Wapo ambao mpaka leo hawanisalimii. Sawa. Nimeistahili.

Wewe unayesoma hapa unayemcheka mlokole fulani mnafiki, huenda una haki. Pengine ni mnafiki kweli. Lakini siku ya hukumu hutaulizwa habari zake. Mimi nilimjua mwenye dhambi kila mtaa, nikamsahau wa ndani ya nguo zangu.

Kama kuna mtu unamkwepa kwa sababu anajua, mtafute leo. Kama yeye anakutafuta, weka brashi chini. Mimi msamaha uliletwa mpaka mlangoni, unahema, ukakaa juu ya ubao dakika tano unanisubiri.

Nikauambia uje wiki ijayo.