Beberu Niliyemchinjia Fundi Gurdip

Nikipita mtaani kwetu Jadida mpaka leo kuna watu huulizana kwa sauti, "Msomi keshampata wa kumfundisha leo?" halafu wanacheka, nami nacheka nao kwa meno tu, maana ndani nawaka. Aibu hii niliipika mwenyewe na kuipakua mbele za watu, kwa hiyo bora muisikie kwangu kabla hamjaisikia kwa jirani yetu Mzee Kombo, ambaye kila akiihadithia huongeza chumvi.

Pampu ya kisima cha mtaa iliharibika, watu wakateka maji mbali kwa wiki tatu, mpaka akaletwa fundi kutoka Mwanza, Singasinga mtu mzima aitwaye Gurdip, kilemba cha buluu, ndevu mpaka kifuani, bangili ya chuma mkononi, na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wapwa zangu. Siku ya nne maji yakatoka. Mama mkwe wangu, Bi Mchanga, aliyekuwa akijitwisha ndoo na magoti yake yale mabovu, alilia hadharani, akasema fundi haondoki Pemba bila kula kwake, na atachinjiwa beberu wake wa pekee.

"Lakini watu hawa wanakula nini?" akaniuliza. "Kamuulize mwenyewe, mwanangu, asije akakaa na njaa kwangu."

Nimuulize, mimi niliyesoma chuo kikuu Dar! Nikamwambia, "Mama, hawa ni kama Wahindu, wanachokataa ni ng'ombe tu. Mbuzi watamla mpaka mifupa." (Nilikuwa nimesoma kurasa mbili tatu zamani, zilizobaki nilijijazia mwenyewe.)

Basi Ijumaa baada ya sala tukakusanyika wanaume wa mtaa ukumbini kwa Bi Mchanga, fundi akavua viatu, akakaa nasi mkekani vizuri kabisa, vikaletwa pilau ya mbuzi, mchuzi wa mbuzi, supu ya mbuzi, na mimi nikasimama na kanzu yangu ya pasi nikahutubia: "Fundi, kula bila wasiwasi! Beberu huyu nimemchinja kwa mkono wangu, nikamwelekeza kibla, nikapiga bismillahi!" Kwetu hakuna dhamana iliyo juu ya hiyo. Fundi alitazama sinia, akatazama chini, akachukua ndizi.

Nikadhani ni haya ya ugeni. Nikaanza kumchambulia minofu na kumsogezea upande wake, kama tunavyowafanyia wageni wa heshima, naye kila mnofu akiurudisha polepole. "Nashukuru, ndugu yangu. Ndizi inanitosha."

"Fundi kamwona mchinjaji, kaghairi!" akasema Mzee Kombo, na ukumbi mzima ukacheka.

Ili kujiokoa nikasema labda ni joto, avue kilemba apate upepo, ajione yuko kwao, na (Mola anisamehe) mkono wangu ukaenda wenyewe kumsaidia. Akaushika hewani, bila nguvu. Kicheko kikakatika.

"Kilemba sikivui mbele za watu," alisema kwa upole. "Na nyama hii siiwezi. Siku nilipoingizwa rasmi katika dini yangu niliapa nisikate nywele, nisivute tumbaku, na nisile nyama iliyochinjwa kwa kisomo kama chenu."

Mwenye akili angeomba radhi pale pale. Mimi nikasema, tena kwa sauti ya mhadhiri, "Hapana, fundi, hapo umechanganya. Nyinyi mlichokatazwa ni ng'ombe."

Singasinga namfundisha Usingasinga! Hata Mzee Kombo aliinamisha kichwa.

Pazia la jikoni likafunguka. "We mwanamme!" akasema Bi Mchanga. "Wewe ukawekewa nyama isiyochinjwa, utakula?"

"Sili, mama."

"Basi mwache mwenzio na dini yake!" Kisha akamgeukia fundi. "Mwanangu, wewe umetupa maji, sisi tumekushindisha na njaa." Akajifunika uso kwa kanga, na mimi nikatamani mkeka unimeze.

Fundi akainuka. "Mama, usilie. Muhogo hamna?"

Ulikuwepo wa nazi, uliobaki asubuhi. Akakaa mlangoni pa jiko akala sahani mbili, huku akimweleza Bi Mchanga kwamba hekaluni kwao kila anayefika hulishwa, tajiri na maskini chini kwenye mstari mmoja, na hupikwa dengu na mboga. "Wengi wetu nyama tunakula, mama, ila pale hatuiweki, ili asitokee mgeni akashindwa kula." Hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Alipomaliza akapandisha mikono ya shati akaanza kuosha bilauri. Wanawake wakamzuia, akakataa, akasema kwao kuosha vyombo vya waliokula ni ibada. Sasa mimi ningekaaje? Nikakunja kanzu nikasogea.

"Masinia ya nyama muyaache," akasema Bi Mchanga, akiangalia ukuta. "Yana mwenyewe."

Nikachuchumaa uani, mtaa mzima ukinitazama, nikasugua. Fundi akanichungulia begani. "Hapo bado pana mafuta, Msomi."

Tangu siku ile nimeapa kutomweleza tena mtu yeyote dini yake. Kwa mtu wa aina yangu kiapo hiki ni kigumu: mara mbili nimejikuta nimeshafungua mdomo, nikaufumba kwa nguvu, na aliyekuwa mbele yangu akadhani napiga miayo.