Shule Niliyomfutisha Rafiki Yangu

Darasa letu la nane pale Kitengela lilikuwa na madirisha yasiyo na vioo. Upepo wa tambarare ukivuma, kila mtu alikuwa anashika karatasi zake kwa kiwiko. Siku ya kujaza fomu za sekondari upepo haukuwepo. Nakumbuka vizuri, kwa sababu baadaye nilijaribu kuusingizia.

Miaka hiyo ya tisini ulichagua shule kabla ya kufanya mtihani. Ni kama kushonesha sare kabla fundi hajakupima. Fomu ilikuwa na mistari: juu shule za kitaifa, katikati za mkoa, chini kabisa za wilaya. Ukikosa za juu, ile ya chini inakudaka. Usipoandika ya chini, basi utajua wewe na Mungu wako.

Mwalimu wetu wa darasa, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya kituo cha mafuta, alikuwa na daftari la jalada jeusi. Ndani aliandika kila mtoto aliyewahi kumfundisha: huyu alipata hivi akaitwa pale, huyu alipata hivi hakuitwa popote. Alitupanga laini kufuata matokeo yetu ya mitihani mitatu ya majaribio.

"Kwa hizo alama tatu, chukua ile ya chini kabisa," akasema. "Hiyo ndiyo wewe."

"Na ile ya juu, mwalimu?" nikauliza.

"Hiyo ni wewe ukiwa umekula vizuri."

Darasa likacheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Nilikuwa mtu wa kucheka. Nilikuwa pia mtu wa kuota mchana: kuna shule moja ya kitaifa ambayo kwaya yake tuliisikia redioni, na mimi nilikuwa nimeshajiona pale mstari wa mbele, soksi nyeupe, mdomo wazi.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa msichana Mmaasai kutoka manyatta za nyuma, upande wa Isinya. Alikaa kwa shangazi yake hapa mjini ili asome. Alikuwa mpole, mwandiko wake umesimama kama uzio. Kwa hesabu tulikuwa karibu sawa, kwa kiingereza nilimshinda kidogo, na kwa kelele nilimshinda kabisa.

Mwalimu alipitisha kidole kwenye daftari lake, akatuangalia sisi wawili. "Nyinyi mnaweza kubahatisha mkoa. Lakini pale chini andikeni hii yetu ya hapa. Msiniangushe."

Hii yetu ya hapa ilikuwa sekondari ya kutwa iliyofunguliwa juzi juzi, madarasa manne ya mabati kando ya uwanja wa mnada wa mbuzi. Watoto waliiita Chuo Kikuu cha Mbuzi. Ukipita na sare yake, mtu anakulilia "Mee!"

Tulijaza kwa penseli kwanza. Wino ulikuwa wa kesho kutwa, mbele ya mzazi. Rafiki yangu aliandika ile ya mabati kwa mwandiko wake mzuri, nikaona uchungu, kweli kabisa, kama mtu anayeona nguo safi ikianguka kwa matope.

"Wewe! Unajiandikia mbuzi?"

"Mwalimu amesema."

"Mwalimu anasema hivyo kwa kila mtu. Ukiandika ya chini, watu wa kuchagua wanaona huyu hajiamini, wanakutupa huko huko. Futa. Weka ile ya wilaya ya boding, ile ya Kajiado. Twende pamoja tukalale boding."

Hilo la watu wa kuchagua nililitunga pale pale. Nililitunga na nikaliamini kwa dakika hiyo hiyo. Hicho ndicho kipaji changu. Ile boding ya Kajiado ilikuwa inajaza na watoto wa alama za juu kutushinda. Ilikuwa ndani ya daftari jeusi, kila mtu aliiona.

Aliniangalia. "Unafikiri naweza?"

"Wewe? Wewe ndio utaenda hata kunishinda."

Nikampa raba yangu. Akafuta polepole, akapuliza vumbi la raba. Na mimi nikafuta yangu.

Jioni mama alitaka kuiona fomu. Mama yangu ni Mkamba aliyeishia darasa la saba, lakini alikuwa katibu wa akina mama kanisani, na hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila kusomwa hadi jina la mchapishaji. Akaisoma akiwa amesimama kando ya jiko.

"Hapa kulikuwa na nini? Pamefutwa."

"Ile ya mabati, mwaitu."

"Kwani imeungua?"

"Mwaitu, watu wananicheka."

"Wacheke. Baba yako anatoka kwa kiwanda cha simiti akiwa mweupe kama mzimu, na watu wanacheka, na bado tunakula. Lete penseli."

Nikarudisha. Niliandika kidogo kidogo, herufi nyembamba, kama nikiandika ndogo haitaonekana. Njiani kwenda shule kesho yake nilijiambia, nitamwambia tukifika. Tukafika. Akaniambia amelala akiota amebeba sanduku la chuma la boding, na mgongo umemuuma kweli. Tukacheka sana. Ningemwambiaje? Nikasema nitamwambia saa nne. Saa nne tulikuwa na gololi.

Siku ya wino baba yake alikuja kwa miguu tangu alfajiri, shuka nyekundu, viatu vya tairi. Nikamwinamishia kichwa kama watoto wa kwao wanavyofanya, akaniwekea kiganja utosini. "Sopa," akasema. Alisimama mbele ya meza, mwalimu akamsomea fomu mstari kwa mstari.

"Hakuna ya karibu?" mzee akauliza.

"Ilikuwepo. Ameifuta mwenyewe," mwalimu akasema, akamgeukia rafiki yangu. "Binti, bado kuna nafasi ya kurekebisha. Ni penseli bado."

Mzee akasema, "Mimi sijui shule. Najua ng'ombe. Hata mwaka wa mvua, hutoi ng'ombe boma kabla hujajua maji ya pili yako wapi."

Rafiki yangu akageuka, akanitafuta kwa macho. Fomu yangu ilikuwa pale mezani, juu ya zile zingine, imeshatiwa wino. Ningeweza kutikisa kichwa tu. Kutikisa tu. Badala yake nikatabasamu, tabasamu pana la kumtia moyo.

"Naweza, mwalimu," akasema.

Mzee akabonyeza kidole gumba kwenye wino wa zambarau, akabonyeza fomu. Akitoka alinigusa kichwa tena kuniaga. Nilikuwa nimenyolewa. Nyumbani mama aliuliza hiyo alama ya zambarau kichwani ni ya nini, nikaenda kuiosha na sabuni ya kufulia.

Matokeo yalipokuja tulikuwa tumepishana alama mbili. Alama mbili tu, na sote tulikuwa pale pale chini ya kidole cha mwalimu. Mimi niliitwa shule ya mabati. Yeye hakuitwa popote. Mabati ilikuwa imejaa na walioichagua. Baba yake alimpeleka ofisi ya elimu Kajiado mara mbili, wakakaa kwa benchi hadi ofisi ikafungwa. Walisema angoje wale watakaokosa kuripoti. Aliripoti kila mtu.

Angerudia darasa. Lakini kiangazi cha mwaka ule kilisukuma ng'ombe wao hadi mpakani Namanga, mama yake akabaki na wadogo peke yake, rafiki yangu akaitwa nyumbani. Siku aliyokuja kuniaga nilikuwa na sare mpya. Akasema, "Imekukaa." Nikamwambia mee, ili acheke. Akacheka.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, kwa C ya chini, si haba. Sikuimba kwaya yoyote. Siku hizi niko na kazi kwa duka la fotokopi kando ya barabara ya Namanga, na nusu ya mwaka ninatoa nakala za fomu za watu.

Rafiki yangu alikuja juzi, amevaa koti la wafanyakazi wa shamba la maua, na mdogo wake wa mwisho, msichana wa darasa la nane, wa mwandiko uleule uliosimama. Tulikumbatiana, tukapiga kelele hadi mteja akalalamika. Kisha akaweka fomu kwenye kaunta. Ilikuwa ya penseli.

"Angalia wewe uliyesoma. Ameweka vizuri?"

Niliangalia mstari wa mwisho. Nikamwambia, basi. Nilimwambia yote: kwamba nilirudisha yangu jioni ileile, na kwamba nilitabasamu nikijua.

Akainyoosha fomu kwa kiganja.

"Nilijua," akasema. "Si fomu yako ilikuwa juu pale mezani? Niliisoma mwalimu akiongea na baba."

"Uliiona? Na mbona hukurudisha yako?"

"Nilifikiri wewe umejiona hutaweza, lakini mimi umeona naweza. Vile ulivyotabasamu." Akainua mabega. "Hakuna mtu alikuwa ameniona hivyo."

Mdogo wake alikuwa ananiangalia. Nikachukua kalamu ya wino, nikamuuliza alama zake za majaribio, zote tatu.

"Nikuambie ile ya juu?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Anza na ya chini."